Jora, Shanga na Mnunuzi Mgumu

Henry Morton Stanley alishuka Unguja tarehe 6 Januari 1871, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Dk. Livingstone, na jambo la kwanza lililomtoa jasho halikuwa homa wala simba. Lilikuwa dukani. Shida ya fedha aliimaliza kwa kukopa kwa jina la gazeti lake, akisaidiwa na balozi wa Marekani, Kapteni Webb. Lakini fedha yenyewe, ile riale ya Maria Theresa waliyoihesabu matajiri wa Unguja, ilikuwa inaishia pwani. Ukishaiacha Bagamoyo nyuma, anayekuuzia mtama na kuku anataka nguo, shanga au waya wa shaba nyeupe. Haya, nguo gani? Shanga za rangi gani? Zinazopendwa na Wagogo ndizo zinazopendwa na Wanyamwezi? Stanley alikuwa ameshasoma vitabu vya Burton, Speke na Grant, akaona vimejaa milima na maziwa lakini havimwambii msafiri anunue nini kabla ya kufunga mizigo. Mwisho akapelekwa kwa mzee mmoja wa Kiarabu, Sheikh Hashid, mtu aliyekuwa na habari za bara kwa sababu biashara yake ilikuwa huko.

Sheikh alimpigia hesabu. Watu mia moja njiani watahitaji doti 10 za nguo kila siku kwa chakula tu, doti moja ikiwa yadi 4. Kwa ushauri huo Stanley alinunua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi za kuwapa machifu: barsati, sohari, ismaili, rehani na nyinginezo. Akaongeza magunia 22 ya shanga za aina 11, na frasila 10 za waya. Ukiitazama orodha hiyo leo unaweza kudhani ni kapu la mtu asiyejua anachotaka. Kumbe kila kitu ndani yake kilichaguliwa na watu ambao Stanley hakuwa amewaona bado, wakulima na wafugaji wa njiani, ambao matakwa yao yalikuwa yameshafika Unguja kabla yeye hajapanda meli.

Kwa muda mrefu habari hii imesimuliwa kinyume. Tumefundishwa, hata mashuleni, kwamba wageni walikuja na shanga za bei ya chini na vitambaa hafifu, wakamlaghai Mwafrika asiyejua thamani. Dhuluma ilikuwapo, nitaifikia. Ila suala la kutojua thamani ni la kubuni. Wafanyabiashara walioacha kumbukumbu wanalalamika kwa sauti moja kwamba mnunuzi wa bara alikuwa mgumu, mwenye macho makali, na alikuwa radhi kukuacha ulale njaa kijijini kwake huku umekalia mzigo mzima wa shanga za rangi asiyoitaka.

Richard Burton, aliyesafiri na Speke kutoka pwani hadi Ujiji kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba palikuwa na aina 400 hivi za shanga zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu, na kila aina ilikuwa na jina lake, bei yake na mahali pake. Nyingi zilitengenezwa Venice, mji ambao mafundi wake wa vioo walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo karne nyingi. Burton hakuwa mtu wa kumsifu Mwafrika, kitabu chake kimejaa kejeli, na kwa sababu hiyo ushahidi wake hapa una uzito. Alionya kuwa msafiri akikosea kuchagua shanga hatasumbuka siku moja tu. Atakwama mwishoni kabisa mwa safari, pale alipokaribia kufika alikokuwa akienda.

Ushanga mweusi uitwao ububu ulikuwa fedha Ugogo, na ukiuvusha mpaka wa Ugogo hakuna aliyekuitikia. Sungomaji, punje kubwa nyeupe na buluu, zilithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa Waguha, lakini njia nzima ya kufika huko zilikuwa mzigo wa bure mgongoni mwa mpagazi. Zile nyeupe zilipita Ufipa na katika baadhi ya sehemu za Usagara, ila Uzigua na Ukonongo zilidharauliwa. Sokoni Ujiji samaki na mafuta ya mawese vilinunuliwa kwa sofi, vijipande virefu vilivyotungwa 20 kwa 20. Juu ya zote ilikuwa samesame, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani, ambayo kwa maneno ya Burton watu waliitania kuwa ni mmaliza chakula na mvunja miji, kwa jinsi wake kwa waume walivyokuwa tayari kukosa mlo ili waipate. Hapo Burton huenda ametia chumvi. Alipenda hadithi za namna hiyo.

Kwa nini punje ya kioo iwe dhahabu hapa na takataka safari ya siku tano mbele? Sababu moja ni urembo, na urembo una sheria zake. Penye mtindo wa kuvaa shanga nyekundu shingoni, nyeusi ni kosa, si chaguo. Sababu ya pili naiona kubwa zaidi. Shanga hazikuwa pambo tu, zilikuwa pia chenji. Mama wa Kigogo aliyepokea ububu kwa kibaba cha mtama hakuwa lazima auvae. Alijua jirani yake ataupokea kwa chumvi au jembe. Ushanga ambao jirani hautaki, hata uwe mzuri namna gani, unakufia mkononi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuwa wa mwisho kuushika. Kwa hiyo kila nchi ilijifunga kwenye aina zake chache, na mgeni aliyeleta aina mpya alikuwa sawa na mtu anayelipa nauli ya daladala kwa noti ya nchi nyingine. Noti ni halali, ila konda atakushusha.

Rangi nayo haikutosha. Joseph Thomson alipoelekea Umasai mwaka 1883 alifika Taveta akidhani amejiandaa. Hapo akajifunza kwamba Wamasai hawapokei shanga ovyo. Zilitakiwa zitungwe kwa urefu maalumu, na zake hazikuwa na urefu huo. Msafara ukapiga kambi, wapagazi wakageuzwa watungaji, na kazi ikawa kutunga upya makumi ya maelfu ya nyuzi. Nguo pia zilibidi zikatwe na kushonwa mavazi ya vita ya morani, kila vazi likiwa na ukanda wa rangi katikati, kwani jora lenyewe mbele ya morani halikuwa chochote. Huko Taveta Thomson aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia ya Umasai kuliko wengi wa zama zake. Watu wa aina ya Kimameta hawakuandika vitabu, lakini bila wao viwanda vya Ulaya vingekuwa vikitupa bidhaa gizani. Wao ndio waliorudi pwani kila msimu na kusema: mwaka huu buluu haitoki, leteni nyekundu, na leteni ndogo zaidi.

Nguo nayo ilikuwa na historia yake, na kisa chake ni cha ajabu zaidi. Kabla ya 1830 pwani ilivaa nguo za Kachi, Surat na Maskati. Kisha wakaja Wamarekani wa Salem, bandari ndogo ya Massachusetts. Mmarekani mwingine, Edmund Roberts wa New Hampshire, alikuwa amefika Unguja na kuonana na Sayyid Said mwanzoni mwa 1828, na tarehe 21 Septemba 1833 mapatano yakatiwa sahihi Maskati: meli za Marekani zitalipa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingizwa, basi. Richard Waters wa Salem alifika Unguja 1837 kuwa balozi wa kwanza wa Marekani. Balozi wa Uingereza, Hamerton, alikuja miaka minne baadaye. Wamarekani walitaka pembe za ndovu, sandarusi ya kutengenezea vanishi, ngozi na karafuu. Pembe ziliishia katika viwanda vya Connecticut vya vitana na vibao vya piano. Kwa kubadilishana walileta baruti, bunduki, waya, na zaidi ya yote nguo moja ya pamba isiyopaushwa, nzito, ya rangi ya mchanga mchafu, isiyo na ua wala mstari. Huku ikaitwa merikani.

Ukiitundika dukani pamoja na sohari na barsati, merikani ndiyo ya mwisho mtu angeinyooshea kidole. Ilizishinda zote. Ilidumu. Mpagazi aliivaa mchana, akaifanya blanketi usiku, akaifungia mzigo, na mabaharia wakaishonea matanga. Sifa ya pili ya merikani haikuonekana kwa macho: leo ilikuwa ileile ya jana. Jora lilikuwa na yadi 30 hivi, upana uleule, uzito uleule, na muhuri wa kiwanda ubavuni. Mtu wa Tabora, ambaye hatawahi kuiona Salem, aliweza kupokea jora lililofungwa na kulipokeza kwa mwingine bila kulikunjua. Nguo ikifika hapo imekuwa fedha. Fedha haihitaji kupendeza, inahitaji kutokuwa na mashaka.

Waingereza waliona biashara inawaponyoka wakataka kuiga. Dk. Ruschenberger, tabibu wa manowari ya Kimarekani Peacock iliyofika Unguja 1835, anaeleza kwamba Waingereza walikuwa wakizipiga nguo zao mihuri ya Kimarekani ili zifanane. Watu wakavaa, wakafua, wakagundua. Hata nguo nzuri ya Mwingereza ikawa haigusiki sasa, maana wanunuzi waliogopa kudanganywa mara ya pili. Ruschenberger alikuwa Mmarekani na bila shaka alifurahia kuyaandika hayo, kwa hiyo tumpunguzie kidogo. Lakini ujanja wa nguo za Manchester katika karne ile ulijulikana hata Uingereza kwenyewe: kitambaa chepesi kilijazwa wanga na udongo mweupe kikawa kizito mkononi, na mvua moja ya masika ilitosha kukirudisha kilivyo.

Mafanikio ya merikani yalikwenda mbali hata Salem wakajenga kiwanda chao wenyewe, Naumkeag, kilichoanza kazi 1847 kwa mitambo ya mvuke, na wenye meli za Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliojali sana uzi wake. Pamba ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani, ikilimwa na watumwa. Huku kwetu nguo hiyo ilinunua pembe, na pembe zilibebwa hadi pwani katika misafara iliyokuwa pia na watu waliotekwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Katika miaka ya kabla ya hapo, jora moja liliweza kuanza safari yake kwa jasho la mtumwa wa Georgia na kuishia kuwa sehemu ya bei ya mtumwa aliyetekwa bara. Urahisi wa kuuzika wa merikani uko ndani ya hesabu hiyo, na sioni namna ya kuutenga.

Mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Pamba ya kusini ikakosekana kaskazini, viwanda vikasimama au kupandisha bei, na meli zikaogopa bahari. Unguja merikani ikawa adimu na ghali. Hapo ndipo nguo za Uingereza na India, zilizokuwa zimesimama mlangoni miaka thelathini, zilipopata nafasi ya kuingia. Vita vilipokwisha 1865 merikani ya kweli ilirudi, na iliheshimiwa bado, hata Stanley miaka sita baadaye aliinunua kwanza. Lakini dunia ilikuwa imegeuka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872 meli za moshi za barua zikaanza kuunganisha Unguja na Aden. Agizo la nguo lililokuwa likienda Salem kwa tanga, likizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kurudi baada ya sehemu kubwa ya mwaka, sasa lilikuwa na mshindani aliye ng'ambo ya bahari hiyohiyo. Bombay ilikuwa na viwanda vya mvuke tangu miaka ya 1850.

Bombay haikushinda kwa ukaribu peke yake. Nguo ya Manchester ilitengenezwa na watu waliomjua mnunuzi kwa barua. Ya Bombay iliagizwa na watu waliokaa naye mtaa mmoja. Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Unguja, na Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip mali ya kwenda nayo bara, walikuwa na ndugu na washirika India. Mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja alijua kwa nini jora fulani lilirudishwa kutoka Bagamoyo: upana umepungua vidole viwili, harufu ya wanga, uzi umelegea pembeni. Habari hiyo ilifika kiwandani na msimu uliofuata kosa halikuwapo. Kufikia miaka ya 1880 nguo ya Bombay ilikuwa imetawala, na watu waliendelea kuiita merikani kama kwamba hakuna lililotokea.

Wajerumani wa Hamburg nao walipata bahati ya aina nyingine, inayofaa kutajwa kwa upesi. Hertz mwaka 1844, na baada yake nyumba ya O'Swald, walizoa kauri za pwani yetu, ambazo hapa mtoto alizichezea mchangani, wakazipeleka Afrika Magharibi zilikokuwa fedha. Zilikuwa kubwa na za bei rahisi kuliko kauri za Maldivi zilizozoeleka kule, lakini wauza mawese wakazipokea. Faida ilikuwa kubwa mno. Basi wakapeleka nyingi, wengine wakaiga, shehena baada ya shehena, mpaka kauri yenyewe ikashuka thamani na gunia zima likawa halinunui kitu cha maana. Waliua soko lao kwa kulilisha.

Turudi Unguja, kwa wanawake, kwa sababu wao ndio walioiondoa merikani katika heshima. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mjini, Unguja na Mombasa, walianza kununua leso za kuchapwa, zile za mraba zilizouzwa zikiwa hazijakatwa katika jora, wakachukua sita na kuzishona kuwa nguo moja pana. Hakuna kiwanda kilichowaagiza kufanya hivyo. Walioona walikuwa wenye maduka, wakapeleka habari, na wachapaji wa Uholanzi na Manchester wakaanza kuchapa nguo nzima yenye pindo na mji, ikauzwa kwa jozi. Ndiyo kanga. Mombasa mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara ambayo kanga zake zimejulikana pwani nzima kwa alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, na alama hiyo ilimfanyia mnunuzi kazi ileile ambayo muhuri wa Massachusetts ulikuwa umeifanya juu ya merikani.

Tofauti ni kwamba merikani iliuzika kwa kutobadilika, kanga iliuzika kwa kubadilika. Ua lililogombewa Ramadhani hii, Ramadhani ijayo ni la mtu aliyepitwa. Muagizaji alikuwa akicheza kamari: achague mchoro leo, ausubiri uchapwe Ulaya, upande meli, ufike, na aombe Mungu usiwe umeshachoka machoni pa watu. Ukichelewa, haukutupwa. Ulipelekwa bara kwa bei ya chini, kwenda kuwa mpya mahali pengine, mpaka huko nako wakaanza kuuliza kitu gani kinavaliwa Unguja sasa hivi. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi, na kuanzia hapo mchoro mzuri wenye msemo baridi ulikaa dukani, na mchoro wa kawaida wenye msemo wa kumchoma mke mwenza ukatoka kabla ya adhuhuri.

Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kabla ya hapo merikani na kaniki, kwa mjini, zilikuwa vazi la mtumwa na la mtu wa kazi. Mwanamke aliyepata uhuru wake hakutaka kuonekana nazo tena, na alipopata pesa kidogo alinunua kanga. Nguo ilikuwa ileile, imara ileile, yadi zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kuivaa kulikuwa kumekuwa ushahidi wa kitu ambacho mvaaji alitaka kisahauliwe. Muuzaji gani angeweza kulitibu hilo kwa kupunguza bei? Kuipunguza kungeiongezea aibu.

Bara merikani iliendelea, na waliofuata kuigombania walikuwa Wajapani. Katika miaka ya 1920 na 1930 nguo zao zisizopaushwa ziliingia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa bei ambayo Bombay haikuiweza na Manchester haikuikaribia, na mkulima wa pamba au wa kahawa, ambaye mdororo wa 1929 ulikuwa umemkausha mfuko, alizinunua. Wenye viwanda wa Lancashire walikwenda London kulia. Walitaka makoloni yalazimishwe kununua kwao, na mwaka 1934 serikali ya Uingereza iliweka kweli viwango vya kuzuia nguo za Japani katika makoloni yake mengi. Afrika Mashariki haikuguswa. Mikataba ya zamani ya Bonde la Kongo, iliyotiwa sahihi na mataifa makubwa kwa ajili ya kugawana biashara ya Afrika na kuthibitishwa tena Saint-Germain 1919, ilikataza kubagua bidhaa za nchi moja dhidi ya nyingine katika eneo hili. Lancashire ikaambiwa kwamba ikiitaka Tabora au Kampala, ishushe bei au ifume nguo ambayo watu wa huko wanaitaka. Haikushusha, na jora la Kijapani likaendelea kukatwa yadi kwa yadi juu ya meza za maduka ya Kihindi.